Majina magumu ya magonjwa ya misuli: tuyatupe au tuyabebe?

Kuna hoja naiona inarudiwa sana siku hizi, kwamba madaktari waache haya majina ya Kigiriki na Kilatini wakiongea na mgonjwa, sijui mayaljia, mayositisi, rabdomayolisisi, waseme tu Kiswahili, maumivu ya misuli, misuli imevimba, misuli inakufa, basi, mtu aelewe aende zake. Na sikatai, hoja ina uzito. Mtu miguu haimpeleki, ana hofu tayari, halafu unamtajia neno refu kama treni, unakuwa umemwongezea hofu juu ya hofu. Kibaya zaidi ni pale anaposaini karatasi ya kukubali biopsi na hajui kwamba maana yake watachukua kipande cha msuli wake wakakiangalie kwa hadubini. Hiyo haikubaliki hata kidogo, hapo niko nao kabisa.

Ila kutoka hapo kwenda kwenye "tuyatupe majina" ni mbali, na nadhani wengi wanaosema hivyo hawajafikiria mgonjwa anabaki na nini mkononi.

Chukua neno mshipa. Kuna mshipa wa damu, kuna mshipa wa fahamu, mtu akivuta msuli wa paja anasema mshipa umekaza, na ngiri nayo watu wanaiita mshipa. Kano ndo hivyo hivyo, wengi wanaita kano ile inayounganisha msuli na mfupa na pia ile inayounganisha mfupa na mfupa, wakati kuumia kwake na kutibiwa kwake ni tofauti. Nakipenda Kiswahili na ndo lugha ninayofikiria nayo, ila kwenye chumba cha daktari mtu anasema "mshipa unanisumbua" na wanaomsikiliza wanaweza kuelewa vitu vinne.

Au chukua "nachoka". Kuchoka na kuishiwa nguvu ni vitu viwili. Kuna ugonjwa unaitwa mayasthenia gravisi, kinga ya mwili inashambulia pale mshipa wa fahamu unapokutana na msuli, ujumbe wa ubongo unafika nusu nusu. Mtu anaamka asubuhi yuko sawa, jioni kope zinashuka, anaanza kula vizuri katikati ya chakula taya zinagoma, akipumzika kidogo zinarudi. Huyu akisema "nachoka" nani atashtuka? Kila mtu anachoka.

Shangazi yangu alikuwa na ugonjwa huo huo. Siku alipogundulika walimwambia kwa upole kabisa, mama una tatizo la misuli, kunywa hizi dawa. Jina hakupewa, nadhani walimwonea huruma. Baadaye akapata maambukizi kwenye figo akaenda sehemu nyingine, wakamuuliza una ugonjwa wowote, akajibu ukweli anaoujua, nina tatizo la misuli. Aliyekuwa anamhudumia atasikia nini hapo zaidi ya mama mtu mzima anayeumwa mgongo na miguu? Akachomwa gentamaisini. Gentamaisini ni dawa nzuri tu ya bakteria, lakini dawa za kundi lake zinapunguza ule ujumbe wa kutoka kwenye mshipa wa fahamu kwenda kwenye msuli, yaani zinagonga palepale ugonjwa ulipo. Usiku ule tulimpa maji yakatokea puani, alishindwa kumeza, sauti ikawa inatoka kama ya mtu mwenye mafua makali. Tulimkimbiza, akalazwa, alipona. Ila neno moja tu lingetosha kuzuia yote yale, na neno hilo alinyimwa kwa huruma.

Hili ndo jambo ninalorudi kwake kila nikisikia huu mjadala. Jina la ugonjwa haliko kwa ajili ya mgonjwa kuelewa mwili wake tu, ni ujumbe anaoubeba kwenda kwa daktari wa pili na wa tatu ambao hawajawahi kumuona. Mtoto mwenye distrofia ya Duchenne, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli mwaka hadi mwaka, ni hivyo hivyo, akienda kufanyiwa upasuaji wowote, hata mdogo, kuna dawa ya kulegeza misuli inaitwa saksamethoniamu ambayo kwake inaweza kupandisha potasiamu kwenye damu ghafla mpaka moyo ukasimama. Mzazi akisema "ana misuli dhaifu" hajasema kitu. Akisema Duchenne, chumba kizima kinabadilika.

Halafu ugumu wenyewe umetiwa chumvi. Ukijua vipande vichache umefungua kamusi nusu. Mayo ni msuli, aljia ni maumivu, itisi ni uvimbe wa ndani wenye joto na maumivu, pathi ni ugonjwa, lisisi ni kuvunjika. Trofia ni lishe, kwa hiyo atrofia ni msuli kukosa lishe ukasinyaa, distrofia ni lishe kwenda vibaya. Kwa Kigiriki neno moja ndo msuli na ndo panya, na Kilatini msuli ni "kapanya", nadhani waliona kitu kinacheza chini ya ngozi mkono ukikunjwa. Yaani nao walikuwa wanaongea lugha ya kawaida tu, kama sisi tunavyosema shavu la mguu. Mtu wa kawaida hawezi kujifunza hayo? Anajifunza majina ya wachezaji wa timu nzima na akiba yake.

Rabdomayolisisi lenyewe, rabdo ni fimbo, maana msuli wa mifupa ni nyuzi nyuzi kama fimbo, kwa hiyo ni kuvunjika kwa msuli. Ilielezwa vizuri London mwaka 1941, watu waliofukiwa na vifusi vya mabomu walikuwa wanatolewa hai halafu figo zinagoma, kwa sababu vitu vya ndani ya msuli uliopondwa vilikuwa vimemwagika kwenye damu. Leo kinapimwa kimeng'enya cha ndani ya misuli kinaitwa CK, kawaida kiko chini ya 200 hivi, hapa kinavuka 1,000 na kinaweza kufika makumi elfu. Mkojo unakuwa rangi ya chai ya rangi. Sasa tafsiri hiyo kwa "misuli imechoka" uone mtu atakavyokunywa dawa ya maumivu akalala.

Upande wa pili nao una pointi ambayo watetezi wa majina hatupendi kuisikia, kwamba majina yenyewe yanadanganya wakati mwingine. Gravisi ni "nzito", lilitolewa enzi ugonjwa ule unaua, leo wengi wakipata matibabu wanaishi miaka yao karibu kama wengine, lakini jina linaendelea kutisha. Tendinitisi imetumika miaka na miaka kwa kano inayouma muda mrefu, baadaye ikaonekana nyingi hazina uvimbe wa maana, ni nyuzi zilizochakaa, na watu walishameza dawa za kupunguza uvimbe kwa sababu ya silabi mbili tatu za mwisho. Ila na sisi tuna baridi yabisi, jina zuri, limefanya watu wavae masweta badala ya kwenda kupimwa. Kila lugha inabeba makosa ya waliotaja jina kwanza.

Kwa hiyo mimi nataka vyote viwili, jina kamili na maelezo ya Kiswahili, kwa mpangilio huo huo na kwenye karatasi. Hata kipimo. Usimwambie mtu "unaenda EMG", yaani kipimo cha umeme wa misuli, ukanyamaza. Mwambie ataingizwa sindano nyembamba kwenye msuli, itauma kidogo, ataambiwa alegeze halafu akaze taratibu, na mashine ina spika, msuli mzima ukilegea unakaa kimya, msuli uliokatiwa mawasiliano unasikika kama mvua kwenye bati. Inachukua dakika moja kusema hayo.

Shangazi sasa hivi ana kikaratasi nyuma ya kitambulisho chake, jina la ugonjwa kwa herufi kubwa na chini yake dawa za kuepuka. Kulitamka hawezi vizuri mpaka leo. Analitoa tu.