Nano ya Mwanjelwa

Juzi shangazi alirudi kutoka soko la Mwanjelwa, Mbeya, na kichupa cha unga wa manjano. Shilingi 25,000. Kwa hela hiyo angepata manjano ya kupikia mwaka mzima na nauli ya bajaji ikabaki. "Hii siyo ile ya pilau, mwanangu," akaniambia. "Hii ni nano, inaingia mpaka kwenye mifupa."

Aliyemuuzia hakutunga yote. Kurkumini, kile kinachoipa manjano rangi yake, haiyeyuki vizuri kwenye maji. Ukiimeza, nyingi inapita tu na kutoka. Ndiyo maana watafiti huifunga kwenye vitone vidogo mno, vya nanomita mia moja au mia mbili hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita; unene wa unywele wako ni kama 80,000), ili nyingi zaidi ifike kwenye damu. Hiyo ndiyo nano. Paklitakseli, dawa ya saratani iliyotokana na gome la mti wa Marekani, nayo ilifungwa na protini kwa ukubwa wa aina hiyo, ikaruhusiwa huko mwaka 2005. Hizo siyo porojo.

Ugomvi wangu uko kwenye kichupa. Kama kweli ni nano, kijiko chake si kijiko cha bibi tena, na shangazi anameza vidonge vya presha kila asubuhi. Nani amempigia hesabu ya kuvichanganya? Kama si nano, ameuziwa kiungo cha mboga kwa bei ya dawa. Ukimuuliza muuzaji, atakwambia ni mmea tu. Tumbaku nayo ni mmea, tunailima hapo Chunya.

Umoja wa Ulaya una sheria ya mwaka 2011: kiambato cha chakula kikiwa cha nano, neno hilo liandikwe pembeni yake kwenye orodha ya viambato. Kule ni taarifa kwa mlaji. Kwetu limekuwa sifa, linachapwa kubwa mbele kama "orijino". Na tangu 2019 chakula kiko kwa Shirika la Viwango (TBS), dawa ziko kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA); kinachojiita lishe tiba kinajipenyeza katikati. Mimi ningedai anayeandika nano aandike pia ni nanomita ngapi, na nani alipima.

Siichukii nano, jamani. Pale Ubaruku pumba za mpunga zinachomwa moto, na majivu yake sehemu kubwa ni silika (ile iliyojaa kwenye mchanga), ambayo maabara huweza kuigeuza chembe za nano za kubebea dawa. Kazi hiyo ikifanyika hapa hapa Mbeya nitashangilia wa kwanza.

Jana usiku nilikoroga kijiko kimoja kwenye glasi ya maji nikaiacha mezani. Si kipimo cha maabara, najua, ila vitone vya nano hasa vingebaki vimetawanyika majini. Asubuhi maji yalikuwa yamekaa juu, tope la njano limelala chini.

Shangazi akaitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Umeona ilivyo nzito?"