Mama alikohoa miezi minne, kumbe ni kidonge cha presha

Mwaka juzi bi mkubwa wangu alianza kukohoa. Kikohozi kikavu, hakina makohozi hakina homa, kinamshika usiku zaidi mpaka anakaa kitako kitandani kaziba mdomo na kanga ili asituamshe. Tukampa tangawizi na asali, tukanunua dawa ya kikohozi chupa tatu, mmoja anasema vumbi mwingine anasema jiko la mkaa, tukampeleka wakampima TB hana. Miezi minne hiyo. Siku moja nimeenda famasi kumchukulia dawa zake za mwezi, dada wa dirishani akaligeuza lile boksi akaniuliza tu kawaida, "Mama hakohoi?" Nilibaki namwangalia kama mtu aliyeaguliwa.

Dawa yenyewe ilikuwa lisinopili. Alipoandikiwa hakuna aliyemwambia kwamba hiyo familia nzima, kaptopili, enalapili, lisinopili, inaweza kukohoza mtu. Mi nimezipa jina la ndugu zake pilipili, maana zote zinaishia na pili na zote zinawasha koo. Inakuwaje? Mwilini kuna kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza kemikali ya kubana mishipa, hizi dawa zinakizuia, mishipa inalegea, presha inashuka, safi kabisa. Tatizo kimeng'enya hichohicho ndo kinafagia kemikali nyingine mwilini, sasa mfagiaji ukishamfunga mikono uchafu unajaa njia ya hewa, koo linawasha. Sio wote yanawapata, na dawa sio mbaya. Ile ya kwanza, kaptopili, wazo lake lilitoka kwenye sumu ya nyoka wa Brazili na Marekani waliiruhusu mwaka 1981, imeokoa watu wengi tu. Lakini mtu ana haki ya kuambiwa, jamani. Hasa kwa kuwa kuna wachache wanavimba midomo na ulimi, na sisi weusi linatupata zaidi kuliko wazungu, hilo sio la kusubiri kliniki ya mwezi ujao, ni kukimbia hospitali saa hiyohiyo.

Sasa kosa letu sisi. Nilivyorudi nyumbani na habari zangu bi mkubwa hakungoja nimalize, vidonge vyote chooni. Wiki mbili kikohozi kimekata, anatamba uwanjani amepona yeye dawa za nini. Wiki ya tatu kichwa kinagonga, tunapima 190 kwa 110. Na hapa ndo nina ugomvi na watu wetu, dawa ikikusumbua tunajua njia mbili tu, kuvumilia kimya au kuacha kimya, ile ya tatu ya kurudi kusema "hii imenikataa nipe nyingine" hatuitumii. Na za presha ziko za aina nyingi makusudi! Shirika la Afya Duniani mwongozo wake wa 2021 umetaja makundi matatu ya kuanzia: za kupunguza maji na chumvi (hizi za kukojosha), za kulegeza mishipa kama amlodipini, na hizi ndugu zake pilipili pamoja na binamu zake losatani, ambazo zinafanya kazi inayofanana ila kikohozi ni nadra. Na wakasema mara nyingi ni vizuri kuanza na mbili pamoja, ikiwezekana ndani ya kidonge kimoja.

Halafu kuna hii imani ya bei. Shangazi yangu alibadilishiwa akapewa ya kukojosha akanuna wiki nzima, anadai wamempa dawa ya kimasikini. Shangazi, ulifanyika utafiti mkubwa Marekani na Kanada, watu zaidi ya 33,000, majibu yakatoka 2002, hiyo ya kukojosha ya bei chee ilisimama sawa na za gharama na kwenye kuzuia moyo kushindwa kazi ikazipita. Na wa kwetu Waafrika upo, 2019, nchi sita zikiwemo Kenya na Uganda, wagonjwa 728, wakapewa dawa mbilimbili, jozi zote zilizokuwa na amlodipini zikashusha presha vizuri kuliko jozi ya ndugu wa pilipili na dawa ya kukojosha. Kwahiyo hiki kidonge cha amlodipini kidogo kama punje walichombadilishia mama, akakishika akauliza "hiki ndo kitashusha presha yangu mimi?" hakikuokotwa.

Ila usikimbilie famasi kununua amlodipini kwa sababu mimi nimeandika. Mwenye kisukari ambaye figo zimeanza kuvujisha protini anaweza kuhitaji hizohizo ndugu zake pilipili au losatani kuliko mimi na wewe, na mwanamke mjamzito hizo mbili hagusi kabisa, ana za kwake kama aldometi. Mwenye gauti, ule ugonjwa wa viungo kuvimba na kuuma, za kukojosha zinaweza kumuamshia kidole gumba cha mguu. Ndo maana mpimaji inabidi akuulize maswali, na asipouliza jisemee mwenyewe. Sema pia dawa za maumivu unazomeza, bi mkubwa alikuwa anabugia diklofenaki za magoti na hizo nazo zinapandisha presha, hakuwahi kuzitaja kwa sababu kwake yeye hiyo sio dawa, ni "ya magoti".

Na amlodipini nayo ilimletea mambo. Wakampa ya miligramu 10, baada ya mwezi miguu imejaa, ukibonyeza kwenye kifundo kidole kinaacha shimo. Nikajua leo tena chooni. Hapana, safari hii alivaa akaenda mwenyewe, akamwekea daktari mguu karibu na meza, "Mwanangu, tazama." Wakashusha ikawa 5, wakamuongezea losatani, miguu ikanywea, presha sasa inacheza 130 kwa 80 na kitu. Jumla dawa tatu kuzijaribu na kama miezi minane, na daktari yule wa mwisho wala hakutumia akili za ajabu, alikaa tu akamsikiliza kama dakika kumi.

Sasa hivi bi mkubwa ndo mtaalamu wa mtaa, akisikia mtu anakohoa kwenye foleni ya kliniki anamuuliza anatumia presha gani. Juzi nimempigia nimsalimie nikamuuliza dawa zimebaki ngapi, akanyamaza kidogo, akasema jirani yake zake ziliisha kamuazima viwili tu, atarudisha mwisho wa mwezi.