Nyoka wa taksi-basi ya Katuba

Anayedhani Kongo yote ni msitu na mvua, aje Lubumbashi mwezi wa kumi. Jakaranda zimechanua, mvua bado inajivuta, na bati la nyumba yangu kule Katuba linaanza kulia ka, ka, ka kabla hata ya saa sita. Joto hili mimi halinitoi jasho tu, linanitoa na adabu. Nauza vipuri vya magari mjini. Mteja akiniuliza bei mara mbili mwezi wa saba, namjibu. Akiniuliza mara mbili mwezi wa kumi, namwonyesha mlango.

Siku moja nilikuwa nautukana mkanda wa feni ambao haukunikosea lolote. Mama mzazi wa bosi, aliyekuja kumtembelea mwanawe, akaweka glasi yake chini. Ni Mgujarati aliyekulia Dar es Salaam, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha duka zima. Sote tunamwita Bibi.

“Mwanangu,” akasema, “wewe pitta imekupanda.”

Nikadhani ni presha, nikakaa chini haraka. Bibi akanieleza kwamba kwa Ayurveda, uganga wa kale wa kwao India, mwili unaendeshwa na nguvu tatu: vata ya upepo, kapha ya maji na udongo, na pitta ya moto. Pitta ndiyo inayosaga chakula, ila majira ya joto hufurika, mtu akapata kiungulia, vipele na hasira. Habari za nguvu hizo tatu zimeandikwa tangu enzi za Charaka Samhita, kitabu chenye zaidi ya miaka 1,500. Akanitazama macho, akanitazama ulimi, akaitazama na kola ya shati langu, akakata shauri.

Masharti yalikuwa mepesi kuyasikiliza: nipunguze chumvi, nipunguze vichachu, niache pilipili. Kwa maneno mengine, niache michopo. Mtu ambaye hajasimama jioni mbele ya makaa, mbuzi anakatwakatwa mbele ya macho yake, kitunguu kibichi pembeni, chumvi na pilipili zimemwagwa juu ya karatasi, huyo hawezi kujua nilichoombwa. Badala yake nikapewa matango, tikiti maji, giligilani, na maji ya shamari iliyolowekwa usiku. Tango ni kitu kizuri, sikatai. Ila halina mfupa wa kuguguna.

Kalenda pia ilitusumbua. Kwa Bibi kilele cha joto ni mwezi wa tano, ambapo Gujarat hupita digrii 40. Huku kwetu mwezi wa tano ndipo watu wanaanza kutafuta makoti. Tukaipindua kalenda, matango yakabaki pale pale.

Halafu mafuta. Usiku kabla ya kulala, unapaka mafuta ya nazi utosini na kwenye nyayo, kwa kuwa nazi inapoza. Ya ufuta yana joto, hayo ni ya watu wa vata. Mama watoto alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: “Na mashuka, atakuja kufua Bibi?”

Ndiyo maana mafuta yangu nikayahamishia dukani, jioni wakati wa kufunga. Mwezi wa sita chupa ile huganda kama mshumaa mpaka uipashe. Mwezi wa kumi yanamwagika yenyewe. Nikapaka utosini, nikapaka nyayo bila kubania, nikavaa sandali zangu za plastiki, nikaenda kupanda taksi-basi.

Kulikuwa na sharti moja zaidi: pumzi. Unakunja ulimi uwe mrija, unavuta hewa kupitia humo, unafunga mdomo, unatoa kwa pua. Wanaiita shitali. Wengine ulimi haukunjiki, nami ni mmoja wao, kwa hiyo Bibi akanipa ile nyingine: unauma meno, unavuta hewa katikati ya meno. Inatoa sauti. Sssss.

Tulikwama Kamalondo, karibu na uwanja wa TP Mazembe. Wanne kwenye kiti cha watu watatu, injini inaunguruma, mbele hakuna gari linalosogea. Kando yangu alikaa mama mmoja na mfuko wa mchele miguuni, ambao ndani yake hakukuwa na mchele. Mbele yangu papa mmoja mzee, koti na tai, joto lote lile. Nikahisi pitta inapanda. Nikafumba macho, nikauma meno.

Sssss.

Mazungumzo yakapungua.

Sssss.

Mazungumzo yakaisha. Mimi nikajisemea, kumbe inafanya kazi, hata gari zima limetulia. Nikanyoosha miguu chini ya kiti cha mbele, mguu ukateleza kutoka kwenye sandali, ukagusa kitu chembamba chenye soksi. Nikaurudisha taratibu. Sssss. Ule mfuko wa mchele ukajitikisa.

“Kuko nyoka mu gari!”

Mimi naogopa nyoka kuliko deni. Sikufungua macho kwanza, nilifungua dirisha. Nimetokea pale kabla ya watoto, kabla ya akina mama, sandali moja mkononi, nyingine imebaki ndani na adui. Shofere naye alikuwa ameshavuka barabara.

Tukasimama mbali tukasikiliza. Kimya.

“Amejua tunamtafuta,” akasema shofere.

Ni pale, nikihema, ndipo nilipoanza kufanya hesabu. Lakini papa wa koti alikuwa ameshaanza kutoa ushahidi, na mzee akizungumza huwezi kumkatiza. “Alinipitia hapa,” akasema, akipandisha suruali. “Baridi. Laini. Na mate yake ndiyo haya.” Kweli, juu ya soksi palikuwa panang'aa. Mama mmoja akainama, akanusa, akashangaa: “Mbona ananukia kama biskuti?” Kijana mmoja akajibu kwamba wa porini ndivyo walivyo.

Kijana huyo huyo akasema babu yake alikuwa mtu wa nyoka, na kwamba 500 franka kwa kila abiria zingetosha. Watu wakatoa. Nikatoa na mimi. Ningesemaje? Mwenye mfuko peke yake ndiye aliyekataa, akisema yeye ana jogoo wake ndani, ameshachangia ya kutosha.

Kijana akaazima mwiko wa bukari, ugali wetu, kwa muuzaji wa chakula pale kando, akaingia. Tukasikia mapigo, matusi, kiti kinaanguka, jogoo anawika. Akatoka amelowa jasho, sandali yangu mkononi.

“Ametokea mu tundu, chini ya kiti. Mweusi, mrefu hivi!”

Shofere akaenda kulichungulia tundu lenyewe, limeliwa na kutu pande zote, akarudi amekasirika: “Hili halikuwapo asubuhi. Nyoka njo amelifanya.”

Tukapanda tena, polepole, miguu juu ya viti. Papa wa koti akageuka akanitazama, jasho na mafuta vikinichuruzika mpaka shingoni, akanihurumia.

“Umeshtuka sana, mwanangu. Vuta pumzi kwa mdomo, taratibu, utatulia.”

“Aksanti, papa,” nikamwambia. “Nitavumilia hivi hivi.”