Mswada Upitie Jikoni Kwanza

Marehemu nyanya yangu, kule Ukambani, alihifadhi kunde za mbegu kwenye kibuyu, amezichanganya na jivu, mdomo ameuziba kwa gunzi. Mahindi ya mbegu yalining'inia juu ya meko, yakila moshi mwaka mzima. Vuli ikikaribia, majirani walikuja na bakuli zao. Hakuna aliyelipa. Aliyepewa leo ndiye angekupa mwakani, panya wakikuwahi. (Nazungumzia mbegu za nyanya yangu mimi, si za nyanya ya mchuzi. Kiswahili chetu cha Kenya kina mitego yake.)

Angeishi hadi 2012, nyanya angekuwa mvunja sheria. Mwaka huo Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea ilirekebishwa, ikawa kosa kuuza, kubadilishana au hata kugawa mbegu ambazo hazijasajiliwa na kuidhinishwa. Adhabu ilikuwa kifungo cha hadi miaka miwili, faini ya hadi shilingi 1,000,000, au vyote viwili. Kwa bakuli la kunde!

Sidai walioiandika walikuwa na nia mbaya. Mbegu feki zipo. Mimi mwenyewe niliwahi kununua pakiti ya mahindi kwenye agroveti, pakiti inang'aa, picha ya hindi nene kama mkono wa mtoto, na shamba zima likaota miche ya kuhesabika. Msimu ukapotea hivyo. Mwenye duka wa aina hiyo abanwe. Lakini nyavu iliyotegewa muuzaji ikamnasa na mama anayemgawia jirani, kwa sababu kule ilikoandikwa, mbegu ni kitu kinachokaa kwenye pakiti chenye bei.

Tazama masharti ya usajili wenyewe. Aina ya mbegu lazima itofautiane na nyingine zilizopo, mimea yake ifanane, na sifa zake zidumu kizazi baada ya kizazi. Sasa mimina kibuyu cha nyanya mkekani: kunde nyekundu, nyeupe, za madoadoa, zote pamoja. Nyingine zinawahi kukomaa, nyingine zinachelewa. Kwetu mvua inaweza kukatika wiki ya tatu bila kuaga, na huko kutofanana ndiko kunakookoa chakula: zilizowahi zikiungua, zilizochelewa zinaweza kupata manyunyu ya mwisho. Sheria ikadai zifanane. Yaani kile ambacho mkulima anakiona kuwa akiba, karatasi inakiona kuwa dosari.

Na hapa ndipo ninapokasirika. Katiba ya 2010, kifungu cha 11, ilikuwa imeliagiza Bunge litunge sheria ya kutambua na kulinda umiliki wa mbegu za kiasili na matumizi yake na jamii za Kenya. Wino ulikuwa na umri wa miaka miwili tu.

Watu watasema wananchi hushirikishwa Bunge linapotunga sheria, kifungu cha 118 cha Katiba kinalazimisha. Ni kweli, kinalazimisha. Lakini tangazo likitoka gazetini, mswada uko kwa Kiingereza, kikao kiko mjini, nauli ya bodaboda na matatu inameza kibarua cha siku, na mvua ndiyo kwanza imeanza. Atakayekwenda ni nani? Na hata baraza likiitishwa kwa chifu, viti vya mbele vinakaliwa na wazee wa kiume, ilhali anayejua mbegu ipi iko kibuyu kipi yuko nyumbani anachochea kuni.

Kwa upande wa kanuni zinazotungwa chini ya sheria, Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013 inataka taarifa ya athari pale ambapo gharama kwa jamii itakuwa kubwa. Ireland Kaskazini nayo ina sheria ya 2016 inayozitaka mamlaka za umma kuzingatia mahitaji ya watu wa vijijini zinapopanga sera. Mimi nataka kitu cha kawaida zaidi. Kabla mswada haujasomwa mara ya pili, karani wa Bunge akae na familia moja ya mkulima, auandame mwaka wao mmoja: nani atahitaji kibali, ofisi iko umbali gani, ni mwezi gani, hela zitoke wapi, na nani ataitwa mhalifu kwa kufanya alichofanya mama yake. Aandike kwa Kiswahili, kurasa tatu zinatosha.

Bila hilo, kazi ya kupima inaachiwa mahakama. Mwaka 2022 wakulima 15 walifungua kesi kupinga vifungu hivyo vya sheria ya mbegu, na mwishoni mwa Novemba 2025 Mahakama Kuu ikaamua kuwa ni kinyume cha Katiba. Tangu 2012, hiyo ni miaka 13 ya mtu kugawa kunde kwa kuvizia, au, kama kwetu, bila kujua kabisa kwamba anavizia.

Nilimpigia shangazi simu kumpa habari hizo. Kibuyu sasa anakitunza yeye, na Oktoba alikuwa ameshawagawia majirani wawili. Kunde zao zilikuwa zimefika kifundoni. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwani ilikuwa kosa?" akauliza. Kisha akataka kujua kama Nairobi mvua bado inanyesha.