Herufi za Kichina: tuzinakili hadi ziingie, au tuzivunje vipande?

Orodha ya herufi iliyotolewa na serikali ya China mwaka 2013 ina herufi 8,105. Kati ya hizo, 3,500 ndizo za daraja la kwanza, zinazotosha kwa elimu ya msingi na matumizi ya kila siku. Kwa anayeanza ukubwani, iwe Dar es Salaam au Nairobi, ambako Taasisi ya Confucius (kituo cha kufundisha lugha na utamaduni wa China) ya kwanza barani Afrika ilianzishwa mwaka 2005, hata hizo 3,500 ni mzigo. Wapo wanaonakili kila herufi ukurasa mzima. Wengine huivunja vipande, kisha hutunga kisa cha kuikumbukia.

Wanaonakili huwataja watoto wa China, ambao husoma hivyo hivyo. Ni kweli, na mkono hujifunza mpangilio wa mistari ambao jicho peke yake huusahau. Lakini mtoto wa Beijing huingia darasa la kwanza akiwa anakizungumza Kichina. Anaponakili 妈, yaani mama, neno analo tayari. Kinachomkosa ni umbo lake tu. Mgeni hana neno, hana toni (kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana), hana umbo. Kumpa dawa ileile ni kumwonea.

Kuvunja vipande, kwa upande wake, hakukubuniwa na wageni wavivu. Mnamo mwaka 100 BK, msomi wa China Xu Shen alipanga herufi 9,353 katika kamusi yake chini ya vichwa 540, yaani vipande vya msingi. Kamusi ya Zihui ya mwaka 1615 ilivipunguza hadi 214, na Kamusi ya Kangxi ya mwaka 1716 ikafuata mpango huohuo. Mtu (人) akikaa kando ya mti (木) tunapata 休, kupumzika. Maji, chuma, mvua na moyo hujirudia kila mahali, na anayevijua haoni tena msitu wa mistari.

Tatizo huanza kwenye visa. Hiyo 妈 ina mwanamke (女) na farasi (马). Kisa kinachopendwa husema mama hufanya kazi kama farasi. Kinakaa kichwani, lakini kinaficha jambo muhimu kuliko chenyewe: farasi yumo kwa ajili ya sauti. Farasi ni mǎ, mama ni mā. Kipande hichohicho kimo katika 吗 ya kuulizia swali, 骂 ya kutukana na 码 ya namba, zote zikisomwa ma kwa toni mbalimbali. Aliyetunga kisa cha farasi mchapakazi atalazimika kutunga vingine vitatu, ilhali kipande kimoja kingembeba.

Tazama pia 青, qīng. Ongeza maji, upate 清, safi. Ongeza jua, upate 晴, anga lisilo na mawingu. Moyo, 情, hisia. Usemi, 请, kuomba au kukaribisha. Zote ni qing, toni tu ndiyo hubadilika. Herufi nyingi za Kichina zimejengwa hivi, kipande kimoja kikidokeza maana na kingine sauti, na kozi inayofundisha maana tu inamnyima mwanafunzi nusu ya msaada ulioandikwa mbele yake.

Sauti nayo hudanganya. Katika 江, mto, kipande cha sauti ni 工, gōng, lakini herufi leo husomwa jiāng. Katika 海, bahari, kipande cha sauti ni 每, měi, lakini herufi husomwa hǎi. Matamshi yamebadilika mno tangu herufi hizo zitungwe. Urahisishaji wa maandishi uliofanywa China bara kuanzia mwaka 1956 nao uliacha mapengo: 聽, kusikia, ilikuwa na sikio ndani yake, 听 ya sasa ina mdomo. Kwa herufi kaidi kama hizi, kisa cha kubuni ni halali kabisa, hata kiwe cha ajabu vipi.

Ila hakuna kisa kinachofundisha maneno. 东 ni mashariki na 西 ni magharibi, lakini 东西 ni kitu. 马上, juu ya farasi, maana yake ni sasa hivi. Aliyekariri herufi mojamoja atakwama kwenye sentensi ya kwanza, na hapo dawa ni kusoma tu, tena kusoma sana.

Ningependa walimu wabadilishe mpangilio. Somo la kwanza huleta 谢谢, asante, yenye mistari 12 kwa kila herufi, kabla mwanafunzi hajakutana na 身 wala 寸 zilizomo ndani yake. Asante aiseme siku ya kwanza. Kuiandika kungoje vipande vyake vifundishwe, na jamaa ya 青 ifundishwe kwa pamoja badala ya kutawanywa katika masomo ya mwaka mzima.