Kipa wa miaka 20 na zile asilimia 89.6

Kipa wa miaka 20 akimaliza mechi 17 akiwa ameokoa asilimia 89.6 ya mikwaju, mashabiki wa mpira wa magongo wa barafuni huwa wameshamzika. Utasikia kwamba nafasi ya raundi ya kwanza katika uteuzi wa wachezaji chipukizi ilipotezwa bure, klabu imuuze kabla bei yake haijaporomoka zaidi. Wanaosema hivyo si wajinga, na hoja yao nitaifikia. Ila namba wanayoishikilia ina tatizo kubwa.

Mechi 17 ni kama mikwaju 500. Chukua kipa ambaye uwezo wake halisi ni asilimia 91, kiwango cha mtu anayestahili kudaka NHL, ligi kuu ya Amerika Kaskazini. Tunategemea aokoe mikwaju 455. Lakini bahati nayo imo uwanjani. Kwa hesabu ya uwezekano, karibu mara moja kati ya sita kipa huyo, kwa ustadi uleule, ataishia 448 au chini ya hapo. Na karibu mara moja kati ya sita atafikisha 462 au zaidi. Ya kwanza ni asilimia 89.6, ya pili ni 92.4. Huku anaitwa hasara, huku anaitwa nyota, na kinachotenganisha majina hayo mawili ni mikwaju 14 katika mechi 17. Haufiki hata mkwaju mmoja kwa mechi! Nimeirudia hesabu hii mara nyingi, na kila mara nasikitika kwamba kazi ya kijana inaamuliwa na kitu chembamba hivyo.

Tena hiyo 14 haitofautishi bao na bao. Mpinzani anapiga kutoka mstari wa buluu. Kipa amewahi, mabega yameelekea kwenye kisahani, ndicho mpira wa mchezo huu, glavu iko wazi. Kisahani kinagusa gongo la beki wake mwenyewe, kinabadili njia na kupenya chini ya kwapa. Bao hilo linaandikwa sawasawa na lile aliloruhusu kwa sababu alizubaa nguzoni.

Angalia uteuzi wa mwaka 2012. Tampa Bay walimchukua Andrei Vasilevskiy nafasi ya 19, na waliompigia debe walikuwa sahihi kabisa: Kombe la Stanley, ubingwa wa NHL, mara mbili, 2020 na 2021. Nafasi tano baadaye Boston walimchukua Malcolm Subban, ambaye hakuwahi kuwa kipa wa kwanza wa kudumu. Connor Hellebuyck alisubiri mpaka raundi ya tano, nafasi ya 130. Akaenda chuo kikuu, akapita ligi ya chini, akaingia NHL akiwa na miaka 22. Leo ana tuzo tatu za Vezina, ile ya kipa bora, na mwaka 2025 alichukua pia Hart, tuzo ya mchezaji bora wa ligi nzima. Dominik Hasek naye alipata Vezina yake ya kwanza mwaka 1994 akiwa na miaka 29. Makipa hukomaa kwa kuchelewa, na umri wa miaka 20 kwao ni asubuhi.

Upande wa pili una uzito wake. Kwenye mechi timu huandaa makipa wawili na anadaka mmoja. Hakuna dakika chache za kumjaribia kijana kama ilivyo kwa mshambuliaji. Baada ya muda fulani kanuni haziruhusu kumrudisha ligi ya chini bila kumweka wazi kwa klabu nyingine zimchukue. Kocha anayehitaji pointi hawezi kungoja miaka tisa. Na wapo wasiokomaa kamwe, hata wakisubiriwa vipi. Wanaozungumzia Hellebuyck, mimi nikiwemo, tunawasahau hao haraka mno.

Hata hivyo, kuna mambo ambayo macho huyaona mapema kuliko asilimia. Mimi hutazama miguu. Pasi ikikatiza mbele ya lango, je, anafika na kutulia kabla ya mkwaju, au anapigiwa akiwa bado anateleza? Akishapiga magoti na kisahani kikarudi upande wa pili, anausimamisha mguu gani kujisukuma, na kifua kinabaki wima? Mkwaju ukigonga pedi, kisahani kinaenda pembeni au kinarudi katikati kwa adui? Mambo haya hayategemei bahati sana, na yakiwa mabovu mwaka wa pili mfululizo licha ya mafunzo, hapo nitakubali klabu imwachie.

Lakini kama miguu inafika kwa wakati na tatizo ni hiyo 89.6 tu, ningempeleka ligi ya chini adake mechi 40 au 50, badala ya kumkalisha benchi NHL akiwafungulia wenzake mlango wa benchi. Hata mechi 50 ni mikwaju 1,500 hivi, na kwa idadi hiyo bado bahati inaweza kumpandisha au kumshusha kwa pointi 0.7 za asilimia.