Waipa, mama mkwe na kamba ya omena
Bibi yangu bado anacheka, so na nyinyi chekeni tu.

Niko na Beetle ya 1972 na waipa zake zilikuwa zinapanda kioo kama mzee anapanda ngazi za korti, zikifika juu zinapumzika kwanza. Na mvua ya Kisumu mnaijua, jioni inakuja tu bila hodi. Fundi mmoja pale Kibuye akasema mota imekufa, nunua ingine. Mimi mjuaji nikakataa, juu hizi gari za kitambo mara mingi mota haina makosa, ni zile shafti mbili zinazungusha waipa, grisi ya ndani imekauka miaka na miaka mpaka imekuwa gundi, mota inavuta mzigo mpaka inachoka. Betri nilikuwa nimepima, waya ya bodi nimesugua na msasa, wapi.

Kujua ni rahisi: unatoa ule mkono umeunganisha mota na waipa, unawasha. Sasa Beetle buti iko mbele, nikaingia kichwa chini miguu nje, watoto wa ploti wakauliza kama gari imenimeza. Nikafungua nati, nikawasha, mota vuuuu! Mzima kabisa. Lakini kusukuma waipa na mkono, ngumu! Nikamwaga mafuta, nikasukuma huku na huku mpaka zikalegea, grisi mpya, nikarudisha, zikacheza kama ziko harusini. Nati nilikaza na vidole nikitafuta spana, mara nikaitwa chai.

Hiyo spana naitafuta mpaka leo.

Jumamosi nikapewa kazi ya kupeleka mama mkwe Chavakali. Kwa heshima za kwetu alikaa nyuma, amekumbatia gunia lake la omena, salamu tu halafu kimya. Tukipita Kiboswa mvua ikamwagika. Nikawasha waipa nikitabasamu, nikasikia vuuuu, mota inakimbia balaa, waipa zimelala fofofo. Nati ilikuwa imeenda zake.

Nikaegesha. Nikawa natafakari vile nitamwambia, nikasikia sauti nyuma, "Baba Faith, huna kamba?" Kumbe marehemu mzee alikuwa na Peugeot yenye tabia kama hizi! Akafungua kamba ya gunia, akatoka kwa mvua, akafunga waipa zote mbili kwa fundo la mtu amefuga ng'ombe, ncha moja ikapita dirisha langu, ingine dirisha la abiria, na akaingia mbele. Miaka tisa ya ndoa hatujawahi kaa hivyo.

"Vuta! Wacha! Vuta!" Yeye anavuta kushoto, mimi nimefunga yangu kwa mkono wa kulia, kila nikikata kona waipa zinapanda zenyewe. Maji yanaingia mpaka kwapa. Matatu zinatupita zikipiga honi, makanga mmoja karibu aanguke mlangoni kwa kicheko. Kufika Majengo nikachoka kidogo, nikasikia, "Baba Faith, unavuta kama mtu hajakula."

Tulifika. Omena zilikuwa zimemwagika kiti chote cha nyuma, na nati nikaipata chini ya spea taya, imetulia tu. Nimeikaza na spana ya jirani. Lakini mama mkwe akija siku hizi hata hangoji kuambiwa, anafungua mlango wa mbele, na kamba amebeba yake.